Utunzaji wa Miche ya Matunda Inayopandishwa Kutoka Kyela Hata Tukuyu

(Hotuba iliyosomwa na Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wanachama na wageni, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama)



 Wenzetu waliotangulia kusema wamekwisha eleza habari za mapato, majengo na mizani, nasi hatutazirudia. Halmashauri imetupa fungu moja tu la kusemea, nalo ni miche ya matunda. Fungu hili laonekana dogo, walakini katika miaka hii kumi hapana jambo lililozua maneno mengi katika mikutano yetu kuliko hilo, na wengi mlioketi hapa mwaijua sababu. Baadhi yenu mlikatwa fedha zenu kwa ajili ya miche ambayo haikuwahi kuona masika yake ya kwanza.

Basi twataka kulisimulia jambo lenyewe kama lilivyokuwa, bila kulipamba wala kulificha, kisha tuseme tuliyojifunza. Kitabu hiki cha ukumbusho kitasomwa na watoto wetu, na si haki wakute humo picha za sherehe peke yake.

Katika mwaka wa tatu wa Chama, Halmashauri iliazimu kuwapatia wanachama miche ya parachichi iliyobebeshwa, ya aina ya Hass, pamoja na machungwa na malimau kidogo kwa matumizi ya nyumbani. Wanunuzi wa parachichi walikuwa wamekwisha fika Rungwe, na kila mwenye migomba michache alitaka kuongeza mparachichi kando yake. Kitalu chetu wenyewe hatukuwa nacho. Tukasikia kwamba huko nyanda za chini, karibu na Ziwa Nyasa, kiko kitalu chenye miche tayari, nasi tukashuka kwenda kuitazama. Ilikuwa mizuri mno. Ilikuwa mirefu, yenye majani mapana yanayong'aa, na bei yake nafuu kuliko ya mahali pengine. Mwenye kitalu alitueleza kila tulilomwuliza, wala hakutudanganya kwa neno hata moja. Kosa lilikuwa letu, kwamba tuliyauliza mambo ya bei, ya urefu na ya aina, wala hatukumwuliza mche ule umezoea joto gani.

Fedha zilipatikana mwisho wa mwezi wa Mei, na kwa kuwa fedha zilikuwapo tuliona si vema kungoja. Tukapakia lori wazi, tukasafiri mchana kutwa miche ikipigwa na upepo, na jioni tukaishusha Tukuyu kukiwa na ukungu na manyunyu. Kwa kuihurumia tuliingiza yote ndani ya ghala, tukaipanga juu ya sakafu ya saruji, tukafunga milango. Mlinzi akaamriwa aimwagilie kila siku asubuhi, maana ndivyo tulivyoona ikifanywa kule kitaluni. Naye alikuwa mtu mwaminifu. Hakuacha hata siku moja. Baada ya majuma mawili majani yakaanza kugeuka manjano. Tukasema, miche ina njaa. Tukaitilia mbolea ya chumvichumvi. Majani yakapukutika. Tukasema, imeona baridi, igawanywe upesi ili ikapate udongo wa shamba. Ikagawanywa katikati ya Juni, nanyi mkaipanda kwa bidii, na kufikia mwezi wa Agosti karibu nusu yake ilikuwa vijiti.

Kwenye mkutano mkuu wa mwaka ule maneno yalikuwa makali. Mwanachama mmoja aliuliza kama ofisi imeanza biashara ya kuni. Wazee hawakucheka, walikuwa wakikumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa nchini, na jinsi ilivyokuwa vigumu kumrudisha mkulima katika ushirika hata baada ya sheria ya mwaka 1982 kuvirudisha. Mtu aliyepata hasara kwa mkono wa chama hasahau upesi, na fedha ya mche mmoja kwa mjane mwenye robo eka si fedha ndogo. Sisi wa ofisi tulijitetea kwa kusema kwamba baridi ya mwaka huo ilizidi. Ndipo akasimama mzee mmoja aliyepata kulea vitalu vya chai kwa miaka mingi. Alikuja na mche wake mfu mkononi, ungali ndani ya kiriba. Akakipasua kiriba kwa kisu mbele ya meza, akautikisa udongo, akatuonyesha mizizi. Ilikuwa myeusi, laini, na ilinuka kama maji ya dimbwi. Akasema, "Baridi mnaionea bure. Mche huu mmeuzamisha." Akaketi.

Halmashauri iliamua siku ileile kwamba hasara ibebwe na Chama, si na wanachama, na kwamba kila aliyekatwa fedha apewe mche mwingine pasipo malipo. Jambo hilo lilitugharimu ghawio la mwaka mzima. Twaamini, ijapokuwa wako wasiokubali hata leo, kwamba bila uamuzi ule tusingalikuwa na sherehe hii.

Sasa yafaa tueleze kwa nini mzee yule alisema kweli.

Uwanda wa Kyela uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Tukuyu umepita mita 1,500. Wataalamu wa hali ya hewa hukadiria kwamba kwa kila mita 100 tunazopanda, hewa hupoa kwa karibu digrii 0.6 za Sentigredi. Kwa hiyo mche utokao Kyela asubuhi na kufika Tukuyu jioni umepoteza digrii sita katika siku moja, na ukipelekwa Isongole hupoteza zaidi. Watu hudhani tofauti kubwa ni mvua. Siyo. Kyela nako hunyesha sana. Tofauti ni kwamba kule maji hupanda hewani upesi, mche wenyewe hunywa kwa pupa, na kiriba kilichojaa maji asubuhi huwa kimepungua kufika jioni. Huku kwetu, mwezi wa Juni, kiriba hichohicho hukaa na maji yaleyale kwa siku nyingi. Mizizi ya machungwa hulala kabisa joto la udongo linaposhuka chini ya digrii 13 hivi, na ya parachichi nayo hulegea. Mzizi uliolala haunywi. Maji yakijaa udongoni hewa hukosa nafasi, mzizi hukosa pumzi, na ule ugonjwa wa kuoza mizizi, ambao ni adui mkubwa wa parachichi duniani kote, hupata mlango ulio wazi.

Tena mti ulio katika chombo una shida isiyoupata mti ulio ardhini. Udongo wa shamba ni kama blanketi nene. Baridi ya usiku mmoja haifiki mbali. Lakini udongo wa kiriba au debe hupigwa na baridi pande zote, na chini ukilala juu ya saruji hunyonywa joto usiku kucha. Basi sisi tulikuwa tumeuchukua mti wa joto, tukauweka juu ya sakafu baridi, gizani, tukaunywesha kila siku usichokitaka, kisha tukautilia mbolea usiyoweza kuila. Majani kuwa manjano hakukuwa njaa. Chakula kilikuwapo udongoni. Mizizi ndiyo iliyoshindwa kukichukua. Na chumvi ya mbolea ikamalizia mizizi iliyobaki.

Hatukuwa wa kwanza duniani kuhamisha miti ya vyombo kwenda penye baridi. Katika Ufaransa, huko Versailles, mfalme Louis wa 14 alijengewa kati ya mwaka 1684 na 1686 jumba kubwa la kuwekea michungwa yake, kazi ya fundi Jules Hardouin-Mansart. Miti ile imepandwa katika masanduku ya mbao, na hata leo hutolewa nje katika mwezi wa Mei, na kurudishwa ndani mwezi wa Oktoba kabla ya majira ya baridi. Mgeni angedhani ndani mnawashwa moto. La. Jumba lile halina moto. Lina kuta nene mno na madirisha makubwa yanayoelekea jua la kusini, basi. Mti hauhitaji kurudishiwa joto la kwao. Wahitaji kukingwa na baridi ile mbaya, upate nuru, na ukae ukiwa mkavu kiasi mpaka majira yageuke. Ghala letu lilikuwa na kuta, lakini nuru halikuwa nayo, na ukavu tuliufukuza kwa ndoo.

Hadithi nyingine yahusu parachichi lenyewe. Mwaka 1911 kitalu kimoja cha California, Marekani, kilimtuma kijana Carl Schmidt kwenda Meksiko kutafuta maparachichi bora, naye akaleta vikonyo kutoka miti mbalimbali, mmojawapo katika mji wa Atlixco. Vikabebeshwa. Mwezi wa Januari mwaka 1913 ikaja jalidi kali kuliko iliyozoeleka huko California, miche mingi ikafa, lakini ile ya Atlixco ikasimama. Wakaupa mti jina la Fuerte, maana yake kwa Kispanyola ni mwenye nguvu, na kwa miaka mingi ndio ulioongoza biashara ya parachichi kabla ya Hass kuushinda. Twaisimulia habari hii kwa sababu yatufunza kwamba katika miti, kama katika watu, ukoo una neno lake. Maparachichi yana koo tatu: ukoo wa milima ya Meksiko, ukoo wa Guatemala, na ukoo wa nyanda za joto ambao wataalamu huuita wa West Indies. Huo wa tatu ndio unaoogopa baridi kuliko yote. Mche uliobebeshwa ni miti miwili: juu ni Hass, chini ni mbegu ya mti wowote uliokuwa karibu na kitalu. Kitalu cha nyanda za chini aghalabu hutumia mbegu za huko huko. Waweza basi kununua Hass halisi, yenye kichwa cha mlimani, iliyosimama juu ya miguu ya bondeni. Siku hizi hatununui kabla ya kuuliza mbegu ya chini imetoka wapi.

Baada ya mkutano ule tulimwomba mzee wa chai atufundishe, na karibu yote tunayoyafanya sasa yametoka kwake na kwa Mabwana Shamba waliotusaidia. Ninyi nyote mliolea chai mwayajua, ila hatukuwaza kwamba yahusu matunda pia. Kipande cha chai hakitolewi chini ya kichanja na kupelekwa juani kwa siku moja. Kivuli hupunguzwa kidogo kidogo, majuma kwa majuma, mpaka mche uwe mgumu. Mche wa kutoka bondeni nao wataka kuzoezwa namna hiyo, illa kwamba wazoezwa mambo mawili pamoja, baridi na jua letu la mlimani ambalo huunguza ijapokuwa hewa ni baridi.

Jambo la kwanza ni majira. Miche haipandishwi tena mwezi wa Mei wala Juni, hata fedha ziwe tele namna gani. Hupandishwa kuanzia Septemba, baridi inapokwisha, ili iwe imezoea kabla ya mvua za Novemba na Desemba, ambazo ndizo za kupandia. Mwaka mmoja fedha zilichelewa hata Aprili, na baadhi ya wajumbe wakatusukuma tununue vivyo hivyo. Tulikataa, na fedha zikalala benki miezi mitano. Tulilaumiwa, lakini miche haikufa.

Jambo la pili ni kituo cha njiani. Wanachama wetu wa Masoko, karibu na lile ziwa la volkeno lililo kiasi cha mita 840 juu ya bahari, walijitolea kipande cha ardhi chenye kivuli cha migomba. Miche ikitoka Kyela hushushwa hapo na kupumzika majuma matatu kabla ya kupanda Tukuyu. Huo ni kama ngazi yenye kidato katikati. Gharama ya kupakia mara mbili ilizungumzwa sana, na mhasibu wetu aliipinga kwa hesabu nzuri kabisa. Tulimpa hesabu ya miche iliyokufa, akanyamaza.

Safari yenyewe ina adabu zake. Lori hufunikwa turubai, na husafiri alfajiri. Miche hainyweshwi asubuhi ya safari bali jana yake, ili viriba visiwe vizito na kupasuka. Mche hushikwa kwa kiriba chake. Mwenye kuuvuta kwa shina huikata mizizi midogo asiyoiona, na tena huweza kulegeza mahali ulipobebeshwa. Twasema haya kwa sababu hata mwaka jana tulimwona mtu mzima akiibeba miche miwili miwili kwa shingo kama kuku wa sokoni.

Miche ikifika Tukuyu huwekwa nje chini ya kichanja cha mabua au majani ya migomba, upande wa jengo upatao jua la asubuhi na usiopigwa na upepo wa mlimani. Viriba husimamishwa juu ya udongo wenye kokoto, kamwe si juu ya saruji, na hupangwa vikigusana ili vikingane baridi, na vile vya pembeni huzungushiwa udongo mpaka nusu ya kimo chake. Mwenye kupokea miche michache nyumbani aweza kuchimba mfereji wa kina cha shubiri moja penye mteremko na kuvitia humo, mradi maji yapate njia ya kutoka. Majani ya kichanja hupunguzwa kila juma, na baada ya majuma manne au matano mche hukaa wazi mchana na usiku.

Kuhusu maji, sheria yetu ni moja, nayo imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa ghala: kidole kwanza, ndoo baadaye. Tia kidole udongoni hata kifundo cha pili. Ukikuta unyevu, nenda zako. Asiyependa kuchafua kidole na akiinue kiriba. Kikiwa kizito bado kina maji. Unywesheni mche saa nne za asubuhi jua likiwa limekwisha toka, wala si jioni, maana udongo uliolowa jioni hukesha na baridi. Na mvua ya Tukuyu, inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, haitaki msaada wa mtu. Mvua ikishika siku tatu mfululizo viriba husogezwa chini ya upenu.

Mbolea hapana, mpaka mche utoe majani mapya huku juu na majani hayo yakomae. Mche ulioacha majani msiutupe upesi. Kwaruzeni ganda kidogo kwa ukucha. Chini yake kukiwa kijani, mti u hai, nao wangoja joto. Lakini hapa pana mtego uliowanasa wengi. Baridi ikiua kichwa cha Hass, mara nyingi mbegu ya chini hubaki hai na kuchipua, na mwenye mti hufurahi sana. Mwanachama mmoja wa Kiwira aliupalilia mti wa namna hiyo kwa miaka, ukawa mkubwa, akatuita tuje tuone Hass iliyofufuka. Tulipoona chipukizi lilitoka chini ya alama ya kubebesha tulipata taabu kumwambia kwamba ameulea mti wa msituni. Tangu hapo kila mche twaufunga uzi mahali ulipobebeshwa. Chipukizi la chini ya uzi litolewe lingali dogo. Na ikiwa juu ya uzi pamekufa kabisa, urudisheni mche ofisini ubebeshwe upya.

Wako wanachama, hasa wakaao mjini, ambao hawana shamba bali wanalea malimau na machungwa katika madebe na ndoo kuukuu barazani. Hatuwasahau. Kwao twasema: tobweni matundu chini ya debe, si moja bali matano au sita, na lisimame juu ya matofali mawili. Katika udongo changanyeni theluthi moja ya yale mawe mepesi yenye matundu yaeleayo majini, ambayo Mlima Rungwe uliyamwaga ulipolipuka yapata miaka 4,000 iliyopita. Yamejaa katika kingo za barabara zetu na hayauzwi. Hayo hufanya udongo upumue. Mwezi wa Juni na Julai liegemezeni debe kwenye ukuta wa matofali upatao jua la mchana, maana ukuta huweka joto na kulitoa usiku. Msilikaribishe jikoni kwa kulihurumia. Moshi na giza huupukutisha mti majani. Na machungwa yenu yakichelewa kuiva msihuzunike. Chungwa la Kyela huiva likiwa bado kijani, lakini baridi ya milimani ndiyo inayolipaka rangi. Mwembe msijisumbue nao. Waweza kukua, ila ni mti utakao joto na kiangazi wakati wa maua, na huku kwetu maua yake huoza kwa manyunyu.

Wakati wa kupanda shambani msichimbe shimo kama sahani. Udongo wa shimo uinuliwe uwe kichuguu, na alama ya kubebesha ikae juu kabisa ya ardhi. Epukeni bonde, hata likiwa na rutuba, kwa kuwa hewa baridi ni nzito, nayo huteremka usiku kama maji na kutuama chini. Wenzetu walio juu, upande wa Uporoto, ambako huweza kuanguka jalidi, wapande ubavuni mwa kilima, na shina changa lifungwe magome makavu ya mgomba katika miezi ya Juni na Julai. Mgomba ni jirani mwema kwa mparachichi akiwa upande unakotoka upepo. Akiwa juu ya mizizi yake ni mnyang'anyi.

Sasa twaomba ruhusa ya Mwenyekiti tuseme jambo ambalo Halmashauri haijapatana. Wako wanaosema tuache kabisa kununua bondeni, tuwe na kitalu chetu hapa Tukuyu, chenye mbegu za miti iliyozaliwa milimani, na vikonyo vya Hass vilivyokaguliwa. Wako wanaosema kitalu cha baridi hukawia, na mkulima hawezi kungoja. Wote wana haki. Mche wa Tukuyu huchukua muda mrefu zaidi kufikia kimo cha kubebeshwa. Hilo hatuwezi kulikana. Lakini mche huo haujui Kyela. Baridi yetu haiugeni, wala hauhitaji kituo, turubai, wala majuma nane ya kulelewa kama mgonjwa. Sisi wa ofisi twaunga mkono kitalu cha hapa, na tumekwisha otesha mbegu kidogo nyuma ya ghala kwa kujaribu. Hata hivyo hatutaki kuwadanganya: kwa misimu miwili au mitatu ijayo bado tutategemea miche ya bondeni, na kwa hiyo mafunzo haya hayajapitwa na wakati. Uamuzi utakuwa wa mkutano mkuu, nanyi ndio wenye kura.

Tumalizie kwa matangazo, maana tumeombwa. Miche ya mwaka huu ilifika Masoko katika mwezi wa Septemba na imekwisha pumzika. Italetwa hapa ghalani kuanzia juma lijalo, na itakaa kichanjani mpaka Mabwana Shamba watakaporidhika nayo. Wanachama wa Tukuyu, Kiwira na jirani watapewa siku zao na makatibu wa vyama vya msingi. Wa Isongole na sehemu za juu wangoje majuma mawili zaidi. Miche yao ni ile yenye uzi mwekundu, ambayo mbegu zake za chini zimetoka milimani, na msikubali kubadilishana na mtu. Kila mmoja aje na tenga au sanduku, asije na gunia. Na yeyote ambaye bado hajapokea mche wa fidia wa ile hasara ya mwaka wa tatu alete stakabadhi yake ya makato, hata ikiwa imechakaa. Daftari liko mezani kwa karani, na majina kumi na moja bado hayajafutwa.